Usiungoje Mto Upwe

Khadija mwanangu,

Salamu sikuletei, maana uko chumba cha pili unakunja nguo, na namsikia mamako akikuambia uzikunjue uzikunje upya. Afya yangu unaijua, umeniona mchana nikimaliza sahani yangu nikahamia ya mamako. Basi tuanze na maneno yenyewe.

Naandika kwa mkono wangu. Herufi hizi nilizipata ukubwani, mwaka ule serikali ilipowatoa wanafunzi madarasani ikawatawanya nchi nzima kuja kutufundisha sisi watu wazima. Yule mwalimu wetu alisema hajapata kuona kichwa kama changu. Sikumuuliza alikuwa na maana gani. Ukikuta neno limelala chali, liinue uendelee.

Mambo ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutotoka nje na nywele mbichi, hayo mamako ameyamaliza, na kesho ataanza tena gari likiwa linanguruma mlangoni. Mimi simo. Mimi nina jambo langu moja. Tangu Ijumaa unaniomba radhi ya safari, na tangu Ijumaa nakufanyia mzaha. Mara ya kwanza nilikuambia radhi imekwenda sokoni, ikirudi nitakupa. Mara ya pili nikasema imelowa, nimeianika. Jana ukaja ukakaa kwenye jamvi, ukanishika goti, ukasema, "Baba, mimi sipandi gari bila radhi yako. Wakija nitawaambia waende zao."

Nikacheka. Nikakuambia, Injinia mzima analilia neno la mzee anayefunga vifungo vya shati kombo. Ukainuka ukaenda jikoni, na mimi nikabaki pale na kicheko changu, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki changu kwenye karamu ya watu.

Basi nikuambie, si kwamba sitaki uende. Naogopa. Neno hilo hujapata kulisikia kinywani mwangu, na mamako akilisoma atakwenda kulitangaza kwa majirani. Mimi niliyetolewa jino na fundi wa saa, nikamwambia na la pili litoe kwa kuwa umeshachoma koleo. Mimi niliyelala kaburini kwa sahau, nikidhani ni shimo la chokaa, nikawaamkia watu waliokuja kuzika wakatimua mbio hata jeneza wakaliacha. Kule Kudha, kisiwani kwetu, wakisema kwa Kibajuni chetu kuna mchu mmoja tu anayejua kuziba chombo, hawasemi jina, hawana haja. Kila mashua unayoiona hapa Kismayu isiyovuja, ulizia, utasikia pamba hii aliipiga nani. Na zile zinazovuja pia nilizipiga mimi, ila wenyewe hawakunilipa vizuri. Mtu kama huyo anaogopa nini?

Naogopa kile kinu cha mamako.

Unakumbuka siku ile uliyorudi na habari ya kazi. Ukatuambia serikali inataka kujenga kiwanda cha umeme wa atomu kule chini, mto Juba unapokaribia bahari, na kwamba kazi yako ni kujua maji ya mafuriko yanafika wapi, na yatakwenda wapi wakishajenga. Nikakuambia maji yatakwenda baharini, kwani yana nyumba nyingine? Ukacheka ukachukua karai la mamako lenye maji, ukachukua kinu, ukakitia katikati ya karai. Ukasema, "Baba, ardhi ile ni ya chini. Ili kiwanda kisilowe watajaza udongo, wainue kama hiki kinu. Sasa tazama." Maji yakapanda, yakamwagika upande wa pili, na upande wa pili mamako alikuwa ameweka unga wake wa mkate wa mofa. Lo, makelele ya siku hiyo. Mamako anauliza nani atalipa unga, na wewe unasema, ndiyo hiyo kazi yangu mama, kujua unga wa nani utalowa.

Nilicheka kuliko wote. Lakini usiku sikulala, mwanangu. Kila nikifumba macho naliona lile karai, na pale penye unga namwona mtu amesimama.

Halafu akaja mkuu wenu wa kazi kututaka ruhusa, yule bwana mwembamba mwenye miwani, na adabu zake. Akaniita adeer, kama Wasomali wanavyomwita mtu wa rika la baba zao, akanywa kahawa yangu bila kukunja uso, na kahawa yangu unaijua. Nilijitayarisha kumcheza. Nikamuuliza, moto huo wa atomu maji yakiuingia si ni heri, si utazimika? Akaniambia hapana, adeer. Moto ule unaishi kwa maji, lakini maji ya ndani ya mabomba, yanayosukumwa na mashine mchana na usiku. Mafuriko yakizamisha mashine, maji ya bombani yanasimama, na moto unaendelea peke yake. Hauzimwi na maji, na bila maji haukaliki. Nikamwambia huyo namjua, nilimwoa bintiye. Mamako alinitupia kawa.

Basi nikijua nimeshamteka kwa kicheko, nikamuuliza lile nililokuwa nikilitaka. Nikamwambia, hapo mtakapopiga kambi, na mwanangu atakapolala msimu mzima wa mvua akingoja kuona maji, ni juu au ni chini? Nilitaka anidanganye. Nilikuwa nimeweka na kicheko cha kumpokea. Akavua miwani akaifuta, akasema, "Hatujui, adeer. Tungejua, tusingemwita Khadija."

Mtu mwongo ningempigia kelele ningemtoa mbio. Huyu alisema kweli, na kweli yake ikaniingia tumboni ikakaa.

Sasa niandike lile nisilopenda kuliandika. Habari ya mimi na ule mto unaifahamu, umeisikia tangu unanyonya. Watoto wote wa mtaa wanaijua, wananiomba niwasimulie namna nilivyouamrisha mto upwe, na mbuzi mmoja akanitazama akacheua. Hapo wote wanacheka, na mimi hapo hapo naomba maji ya kunywa. Kwamba ami yako Lali alikufa siku hiyo unajua, mamako alikuambia. Lakini yanayofuata baada ya mbuzi sijakusimulia mimi.

Tulikwenda Gobweni, pale mto Juba unapokaribia bahari, mimi na Lali, nikiwa bado na meno yangu yote. Wenye mashamba ya ndizi walikuwa na tishari lao la kuvushia mizigo, kile chombo bapa kama sinia, kimeachia mishono kila mahali. Wakauliza fundi ni nani, wakaambiwa. Tukapewa kibanda ukingoni, tukaanza kuchokoa pamba iliyooza. Lali alikuwa mdogo wangu wa kufuatana, mwenye mikono mizuri kuliko mimi, jambo hili nalisema leo mara ya kwanza na ya mwisho. Na katika kuogelea, wanaume wa visiwa vyote walikuwa wakimwona mgongo tu.

Sisi watu wa kisiwani, mtoto akizaliwa anajua maji yanajaa na yanakupwa. Hafundishwi. Anajua akienda mwambani arudi lini, anajua bamvua la maji makubwa na maji mafu ya kujaa kidogo, kama anavyojua njaa. Na mto ule pale chini, kwa kuwa bahari haiko mbali, nao ulikuwa ukipanda kidogo bahari ikijaa na kushuka ikikupwa. Watu wa mtoni walikuwa wakiliona hilo kila siku bila kulijali. Mimi nikalijali. Nikawa nakaa na wazee wao nawaambia, ngojeni nikishapiga msumari huu maji yatafika kwenye lile gogo, kisha yatarudi. Na kweli yanafika, na kweli yanarudi. Wakapiga makofi. Wanawake wakawa wanakuja kuniuliza waoshe vyombo saa ngapi. Mwanangu, nilivimba. Nilitembea kijijini pale kama mto nimeuzaa mimi.

Siku ile jua lilikuwa linawaka, mbingu haina hata uzi wa wingu. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milima ya Habeshi, sisi hatukuona tone. Ilikuwa siku ya bamvua, bahari inajaa alasiri. Adhuhuri imepita kidogo, maji yakaanza kuingia uani kwa watu. Yaliingia polepole, rangi ya chai ya maziwa, yanabeba vijiti. Watu wa mtoni wakakusanya mbuzi na mikeka, wakaanza kupanda kwenye vilima vya mchanga. Mimi nikatoka kibandani na nyundo yangu mkononi, nikawacheka. Nikawaambia, mnakimbia bamvua? Hii ni bahari tu imesukuma mto. Ikifika magharibi yote haya yamekupwa, na nyinyi mtashuka na mikeka yenu mnaona haya. Nikachomeka mti kwenye ukingo wa maji, nikaufunga kipande cha kikoi changu, nikasema hapa ndipo mwisho, ewe mto, hupiti hapa. Hapo ndipo pale mbuzi alipocheua.

Wakacheka, mwanangu. Na baadhi yao wakaweka chini mizigo.

Si wote. Wengi walikwenda. Lakini nyumba tatu nne za karibu na kibanda chetu walibaki, kwa sababu nilikuwa nimewaambia kweli kila siku, na kwa sababu nilikuwa na sauti. Alibaki mama mmoja, Halima, mwenye watoto wadogo, aliyekuwa akituletea uji. Alinipitia mlangoni amebeba sufuria kichwani, akaniuliza kwa macho tu. Nikamwambia rudi nyumbani kwako bibie, utachoka bure. Akarudi.

Ikafika alasiri, maji yamekifunika kile kikoi. Nikasema bamvua kubwa hiyo. Ikapita alasiri. Bahari ilikuwa imeanza kurudi, naijua, hiyo sikosei, naisikia mifupani. Mto haukurudi. Mto ulikuwa hauna habari na bahari. Ulikuwa umekuja na mambo yake kutoka kwao, haukuja kujaa na kupwa, ulikuja kupita. Hayo nayajua leo. Pale nilikuwa naangalia maji yakipanda na nasema yamechelewa tu.

Lali alikuwa amesimama ndani ya tishari, pamba begani. Akasema, "Kaka, mto huu haugeuki. Tuwachukue watu twende."

Nikamjibu, "Maliza mshono huo. Sijapata kuacha chombo mdomo wazi."

Akamaliza. Hakunibishia, mimi mkubwa wake. Hilo ndilo linaloniamsha, Khadija. Si maji. Ni zile nyundo zake ndogo ndogo, to, to, to, anamaliza mshono kwa ajili yangu.

Jua linazama, tuta la udongo walilojenga wenye mashamba kuzuia mto likakatika. Sitakupambia hapa, sina maneno. Tulikuwa juu ya tishari, lilielea, lile nililosifu kazi yake, na kweli halikuvuja. Halima alikuwa juu ya paa la makuti na wanawe. Lali akajitosa. Akaleta mtoto, akaleta mwingine, akamleta na Halima mwenyewe akamning'iniza kwenye mkunazi mpaka nilipolisogeza tishari. Nilikuwa nampigia kelele za furaha, namwambia ndiyo samaki wa Kudha huyo, waonyeshe. Akarudi tena kwa kuwa kulikuwa na bibi mmoja nyumba ya pili.

Baharini mtu akiogelea hana cha kumshika. Kule chini ya maji kulikuwa na nyua za miiba, zile za kuzuia fisi wasiingie kwa ng'ombe. Hatukuzifikiria, zilikuwa zimezama zote. Kikoi chake kilinasa. Nilimwona akipiga mikono mahali pamoja, nikadhani anapumzika. Nikamtania. Hiyo ndiyo kauli yangu ya mwisho kwake, mzaha, na sitakuandikia ni mzaha gani.

Yule bibi naye hatukumpata.

Na maji hayakupwa magharibi, hayakupwa kesho yake, yalikaa mpaka ndizi zikaoza zimesimama. Lali tulimkuta pale pale uani, amesimama naye.

Nimekaa na habari hii nikiikata kwenye mbuzi miaka yote. Watu wanasema Shee mcheshi. Ni mcheshi, wala sijuti kuchekesha watu, dunia hii ya kununa ina wenyewe. Ila nilipokuona na lile karai nilijua unakwenda wapi. Unakwenda pale pale. Utawauliza wazee maji yalifika wapi, na watakuambia, na wengine watakuambia kulikuwa na Mbajuni mmoja. Usione haya kwa ajili yangu, wala usiruke ukurasa. Na kama Halima yu hai, mwulize yeye, usitumie maneno yangu. Mimi nilikuwa juu ya tishari natazama. Yeye yalimfika shingoni, anajua.

Sasa sikiliza, mama. Mwanzo nilidhani ninachoogopa ni wewe kufa maji. Nakiogopa hicho, naomba Mungu anichukue mimi kwanza, na mamako akinisikia atasema harakisha. Kambi ikianza kulowa toka. Acha vyombo vyenu vya kupimia, acha makaratasi, acha na viatu. Uchekwe. Ukishuka kesho yake kukiwa kukavu na watu wote wanakuzomea, njoo nyumbani, nitakuchinjia mbuzi.

Lakini kuna kingine chini yake, nimekiona leo tu nilipokuwa nakusikia unazungumza na mamako. Ulikuwa unamwambia, usiogope mama, mimi najua. Sauti hiyo naijua, ni yangu. Mamako akatulia mara moja, akaendelea kukunja nguo. Mimi nikashikwa na baridi.

Mimi nilikuwa na nyundo na mzaha, na watu waliweka mizigo chini. Wewe una elimu, una gari la serikali, una karatasi zenye mihuri, na una uso ambao mtu akiuona anaamini. Utafika kijijini, watakuuliza, binti, tukae au tuhame? Maji yatafika kwangu? Kinu hicho kikubwa kikishawekwa, unga wangu utalowa? Na watakuwapo watu wenye haraka watakaotaka useme mkae, hakuna neno, ili wapate kujenga. Na wewe mwenyewe utataka kusema hivyo, kwa huruma, maana mtu anakutazama na sufuria kichwani na jua ni kali. Ni neno dogo, linatoka lenyewe. Nakuapia, siku ile sikuwa mtu mbaya. Nilimpenda yule mama, nilitaka asichoke.

Ukijua, sema. Usipojua, waambie hujui, kama alivyoniambia mkuu wako, hata wakikuona huna maana, hata wakisema wametuletea mtoto wa nini. Sina la kukufundisha zaidi ya hilo, na hilo lenyewe sikulijua, nilinunuliwa kwa roho ya Lali.

Nilifikiri nikikunyima radhi utabaki. Ungebaki, nakujua. Ungevua viatu ukaingia jikoni usiniambie hata neno moja baya, na mkuu wako angemtafuta mwingine, na huyo mwingine mimi simjui. Pengine ni mtu anayesifiwa. Pengine anachekesha. Nimejaribu kumfikiria mtu huyo akisimama uani kwa watu na maji yanaingia, nikaona heri usimame wewe. Basi, uone namna baba alivyo mbaya. Anakuogopea mpaka roho inamtoka, na bado anaona mwingine hafai.

Adhana ya magharibi hiyo. Nikimaliza kuswali nitaiweka karatasi hii juu ya sanduku lako, na nitajifanya nimelala ili tusitazamane. Kesho mimi sitakuja mlangoni kusema maneno, nitaharibu kwa mzaha, najijua.

Nimekuwa radhi nawe, Khadija, uendako na urudipo, uliyonikosea na usiyonikosea. Nenda ukawaangalie wale watu. Mwenye mzigo kichwani akikuuliza, na wewe huna hakika, mwache apande kilimani. Mbebee na mtoto.

Babako,
Shee